Waliosema hapa haliwezi kutokea

Ndugu wasikilizaji, kuna maneno ambayo mtu huyasema ili apate usingizi. Mojawapo ni haya: "Jambo hilo haliwezi kutokea hapa kwetu." Leo tuzungumze juu ya riwaya moja ya Kimarekani ambayo maneno hayo ndiyo jina lake. Lakini tuanze na nyumba ya mwandishi, kwa sababu nyumba hiyo ilipata funzo kabla ya wasomaji.

Mwaka 1931 mwandishi wa habari wa Kimarekani, Bibi Dorothy Thompson, alikwenda kumhoji Adolf Hitler. Bibi huyu hakuwa mgeni katika siasa za Ulaya. Alikuwa amefanya kazi huko kwa miaka mingi. Aliingia chumbani akiamini kwamba anakwenda kukutana na dikteta wa kesho wa Ujerumani. Kwa maelezo yake mwenyewe, haikupita hata dakika moja akawa na hakika kwamba sivyo. Mtu aliyekaa mbele yake alimwona mdogo mno kwa kazi hiyo. Mwaka 1932 akayachapisha hayo katika kitabu. Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akawa Kansela, na kabla ya mwaka kufika nusu yake na ushei vyama vingine vyote vilikuwa vimekwisha kuvunjwa. Agosti 1934 Bibi Thompson alipewa saa 24 awe ametoka Ujerumani.

Mumewe alikuwa Sinclair Lewis, Mmarekani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1930. Katika majira ya joto ya mwaka 1935, huko Vermont, Lewis aliandika kwa haraka riwaya aliyoiita It Can't Happen Here, yaani Hapa Haliwezi Kutokea. Ilitoka Oktoba mwaka huo, mwezi uleule ambao majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Wamarekani walipokuwa wakijiuliza kama ufashisti unaweza kuwafikia, Mwafrika alikuwa tayari anaukimbia mabomu yake.

Tuangalie hali ya Marekani wakati ule. Uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1929, na kufikia 1933 karibu robo ya wafanyakazi hawakuwa na kazi. Katika jimbo la Louisiana alikuwako Huey Long, gavana kisha seneta. Alijenga barabara, aliwapa watoto wa shule vitabu bila malipo, na papo hapo akalitia bunge la jimbo mfukoni mwake. Aliahidi kwamba mali ya matajiri itagawanywa kwa kila familia. Huko Michigan alikuwako padri mmoja, Charles Coughlin, aliyesikilizwa redioni na mamilioni ya watu. Alianza kwa kuwatetea maskini dhidi ya mabenki; akaishia kuwatukana Wayahudi. Long alipigwa risasi Septemba 1935 akafa siku mbili baadaye, majuma machache kabla riwaya haijatoka. Wasomaji hawakupata taabu kuwatambua watu hao wawili ndani yake.

Katika riwaya, seneta Buzz Windrip anagombea urais mwaka 1936. Ni mcheshi, na anajua kumwambia kila mtu anachotaka kusikia. Anaahidi dola 5,000 kwa mwaka kwa kila familia. Ilani yake ina vipengele 15. Kimoja kinasema Wamarekani weusi wasipige kura, wala wasiwe mawakili au madaktari. Kingine kinawarudisha wanawake jikoni. Cha mwisho kinalifanya Bunge kuwa la kutoa ushauri tu, na kuinyima Mahakama Kuu uwezo wa kumzuia rais.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Windrip hakuficha kitu. Yote yaliandikwa, yakasomwa, na watu wakapiga kura. Kila mmoja alikisoma kipengele kilichompa yeye, akakiruka kile kilichomnyang'anya jirani. Windrip alipokwisha kuapishwa, wanamgambo wake waliwakamata wabunge, magazeti yakazibwa mdomo, na kambi za kuwafungia watu zikafunguliwa.

Shujaa wa hadithi, ikiwa tunaweza kumwita shujaa, ni Doremus Jessup, mhariri wa gazeti la mji mdogo wa Vermont. Ana miaka 60, ni mtu mwema, msomaji wa vitabu. Tajiri mmoja mwenye machimbo ya mawe anaposema kwamba udikteta hauwezi kutokea Marekani, Jessup ndiye anayembishia. Kwa hiyo Jessup alijua. Lakini kujua kwake kuliishia kwenye kiti chake cha kusomea. Alijipa moyo kwamba utawala wa namna hiyo hautadumu. Alingoja. Siku alipoandika tahariri ya kulaani mauaji, alikamatwa. Na mkwe wake, daktari, alipoingia mahakamani kwa hasira kumtetea, alitolewa nje akapigwa risasi.

Hapo ndipo Jessup anapoukubali ukweli mchungu. Anakiri moyoni kwamba lawama si ya Windrip peke yake, wala si ya matajiri peke yao. Ni ya watu kama yeye: waungwana, wenye heshima zao, wavivu wa kufikiri, walioacha mlango wazi kwa sababu kuufunga kungewaletea ugomvi na majirani.

Lewis anaongeza jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Nyumbani kwa Jessup kulikuwa na kibarua, Shad Ledue, ambaye familia hiyo ilimwona mvivu na mjinga. Utawala mpya ulimpa Shad sare na cheo, na kibarua akawa mtawala wa wilaya juu ya bwana wake wa jana. Shad ni mtu katili, na mwandishi hamtetei. Ila anatuonyesha mahali ambapo madikteta huokota askari wao: miongoni mwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza hali.

Kitabu chenyewe kilipata misukosuko. Kampuni ya filamu ya MGM ilikuwa imenunua haki ya kukifanya sinema, lakini mwaka 1936 ikaacha. Lewis alisema sababu ni hofu ya kuziudhi Ujerumani na Italia. Kampuni ikasema ni gharama. Basi usiku wa tarehe 27 Oktoba 1936 mradi wa serikali ulioajiri waigizaji wasio na kazi uliionyesha hadithi hiyo kama tamthilia katika kumbi zipatazo ishirini kwa mpigo, katika miji mbalimbali. Mwaka 1939 Bunge la Marekani likaunyima mradi huo fedha, ukafa. Kitabu hakikufa. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016 wasomaji walikikimbilia tena kwa wingi.

Watu wanapokisoma leo huuliza haraka, "Windrip wa siku hizi ni nani?" Kila upande una jina lake tayari. Swali hilo ni rahisi mno, maana linamtafuta mtu mwingine. Swali gumu ni hili: Jessup ni nani? Na tena: hilo neno "hapa" ni wapi? Maana mwaka 1935 katika majimbo ya Kusini ya Marekani, mtu mweusi aliyejaribu kupiga kura aliweza kupoteza kazi, nyumba au roho yake. Kipengele cha Windrip juu ya weusi hakikuwa ndoto kwake. Ilichukua hadi mwaka 1965 kupatikana sheria ya kumlinda mpiga kura huyo. Yale ambayo mhariri wa Vermont aliogopa yasije, kwa mwenzake wa Mississippi yalikuwa yamekwisha kufika. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Na sisi tunaosema redioni tunalo letu la kukumbuka. Coughlin hakuwa na jeshi. Alikuwa na kipaza sauti. Huku kwetu tulishuhudia mwaka 1994 jinsi redio ya RTLM ya Rwanda ilivyowaita watu wakawaue jirani zao. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wake. Kelele za namna hiyo hazianzi na panga. Huanza na mzaha juu ya kundi fulani, na wasikilizaji wakacheka.

Nimalize pale nilipoanza. Bibi Thompson alikosea mwaka 1931, na alikosea hadharani. Lakini hakuona haya kulisahihisha kosa lake. Alitumia miaka iliyofuata kuonya, gazetini na redioni. Tarehe 20 Februari 1939 watu zaidi ya 20,000 walijaa katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwenye mkutano wa wafuasi wa Hitler wa Kimarekani, chini ya picha kubwa ya George Washington. Bibi huyo aliketi miongoni mwao, akawacheka kwa sauti hata walinzi wakamtoa nje. Alikuwa amejifunza kwamba "hapa" ni mahali popote ambapo watu wema wamenyamaza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.