Ukoo Gani? Swali la Posa Lisilojua Mpaka wa Busia na Tororo

Mwaka 1902, Waingereza waliimega Uganda upande wa mashariki, na eneo hilo likaingizwa katika utawala ambao baadaye uliitwa Kenya. Mpaka uliozaliwa hapo uliwaacha Wasamia na Waiteso wengine Busia ya Kenya, wengine Uganda. Hata hivyo, miiko ya ndoa ilibaki ile ile pande zote mbili.

Kwa Wasamia na jamaa zao Waluhya, kijana hakuoa katika ukoo wa baba yake wala wa mama yake. Wajopadhola wa Tororo, upande wa Uganda, na Waiteso nao walioa nje ya ukoo. Kabla ya mahari kutajwa, wazee waliulizana koo za pande zote mbili. Damu ikikutana, posa ilivunjika, hata kama vijana walipendana.

Watafiti nao wamechunguza jinsi malezi yanavyogusa mvuto kati ya watu. Mwaka 1891, Edward Westermarck wa Finland aliandika kwamba waliokua pamoja tangu utotoni kwa kawaida hawatamaniani. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Tamás Bereczkei na wenzake nchini Hungaria ulionyesha upande mwingine. Waliwachunguza wanawake waliolelewa na wazazi wasio wa damu yao, wakaona kwamba waume zao walielekea kufanana sura na baba walezi. Mfanano huo ulijitokeza zaidi kwa waliopata upendo mwingi wa baba huyo. Kwa kuwa binti na baba mlezi hawakuwa wa damu moja, jambo hilo lilitokana na malezi.

Basi moyo unaweza kuvutwa na sura iliyozoeleka nyumbani, na macho peke yake hayawezi kutofautisha mgeni anayefanana na baba na ndugu wa ukoo mmoja. Wazee wa mpakani walilijibu hilo kwa kuuliza.

Swali hilo lilizidi kuwa na uzito reli ilipofika Tororo miaka ya 1920, kisha kiwanda cha saruji katika miaka ya 1950. Watu wa koo nyingi walichanganyika mijini. Leo vijana wanakutana sokoni, chuoni na kwenye simu, na wengi wanajua mtaa wa mwenzao kuliko ukoo wake.

Wazazi wa Busia na Tororo, wafundisheni watoto koo nne: ya baba, ya mama, na za bibi wote wawili. Wawe nazo kabla ya siku ya posa.