Kicheko cha Faragha na Kicheko cha Hadhara

Imekuwa ada ya wasomi wetu, kila wazungumzapo juu ya video za vichekesho zinazorushwa kutoka simu hadi simu, kuzishutumu kwa ufupi wake, kana kwamba ufupi ni aibu iliyozuka jana. Ilhali atakayerejea asili ya sinema ataona kwamba kichekesho kilikuwamo tangu siku za mwanzo, tena kwa ufupi uo huo. Tarehe 28 Desemba 1895, katika Grand Café mjini Paris, watu waliolipa kiingilio walionyeshwa picha kumi za ndugu Lumière, na mojawapo, isiyotimia hata dakika moja, ilikuwa ya mtunza bustani anyweshaye mimea kwa mpira: kijana akaukanyaga mpira nyuma yake, maji yakakatika, mtunza bustani akauchungulia mdomo wa mpira, kijana akaondoa mguu. Nani mwenye simu leo asiyeijua video hiyo, hata kama bustani imegeuka ua wa nyumba ya Mbagala?

Basi sina ugomvi na ufupi. Ninalolidai ni jingine: kwamba ladha ya mtu katika mzaha, ambayo kila mmoja wetu huihesabu kuwa milki yake kama nyayo zake, haizaliwi ndani ya nafsi iliyojitenga, bali hufunzwa na wale wanaocheka kando yake, na kwamba simu, si kwa uovu bali kwa utumishi uliopita kiasi, inatutenga na walimu hao. Uliyoyacheka jana hukuletea tena leo, yakiwa yamebadilishwa kanzu tu, na usiyoyacheka huyaficha, kama mtumwa aliyemsoma bwana wake hata hathubutu kumpikia chakula kigeni.

Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya tisa, alipotunga kitabu chake juu ya mabahili, aliona ni wajibu kwanza akitetee kicheko, akahoji kwamba haiwi aibu jambo ambalo Mwenyezi Mungu amejinasibisha nalo, Yeye achekeshaye na alizaye. Miaka elfu na zaidi baadaye, mwaka 1900, Henri Bergson wa Ufaransa aliandika kwamba kicheko huhitaji mwangwi, na kwamba daima ni cha kundi. Lakini sisi hatukuhitaji kungoja mwanafalsafa, maana tulikuwa na utani. Mtani aingiapo msibani akajilaza penye jeneza, akaiga mwendo wa marehemu na kudai deni lake la tumbaku, wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Maneno yayo hayo akiyatamka mpita njia, atatolewa kwa fimbo. Maneno hayakubadilika hata herufi. Kilichopo na kisichopo ni idhini.

Sasa video ya simuni husafiri bila idhini, ikawafikia wasio watani wa yeyote. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani, Elsa Majimbo wa Nairobi alijirekodi kwa simu, miwani midogo myeusi machoni, akitafuna vibanzi vya viazi na kuwashangaa wanaolalamika kwamba wamewakosa rafiki zao, kisha akiyacheka maneno yake mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Mpwa wangu aliponionyesha sikucheka (nami ni mzito wa kucheka, nyumba nzima itashuhudia). Nilidhani ni tofauti ya umri. Baadaye nilitambua kwamba kicheko chake kile cha peke yake ndicho kilichokuwa kikishika nafasi ya hadhira isiyokuwapo, na hapo ndipo nilipomwona kuwa msanii. Marehemu King Majuto, yule Amri Athumani wa Tanga aliyefariki Agosti 2018, sikuwahi kumtafakari hivyo, kwa kuwa nilimjulia barazani, kwenye televisheni ya jirani iliyotolewa nje, watu wakicheka hata kabla hajafungua kinywa. Nami nilicheka pamoja nao kwanza, nikajua sababu baadaye.

Jambo hili ndilo linipelekalo kila nipatapo nauli kwenye Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, ambalo maonyesho yake ya usiku yamezoeleka katika ua wa Ngome Kongwe. Usiku mmoja nilikalia ngazi za mawe kutazama filamu ya Kiarabu. Mzee mmoja katika filamu ile alikuwa akihesabu mayai kwa siri, na nyuma yangu akina mama watatu wenye mabuibui wakaangua kicheko kabla maandishi ya tafsiri hayajatokea. Mmoja akasema, "Huyo si shemeji yako hasa!" Safu yote ikacheka, na mimi nikiwamo, sijui kwa ajili ya mzee au ya shemeji. Filamu ile ningeiona peke yangu ningeizima dakika ya kumi.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa matamasha yetu, wanaotenga majopo na tuzo kwa filamu ndefu za huzuni, watenge usiku mmoja tu kwa video za simu, wazitundike juu ya pazia kubwa, Majimbo na Majuto na yule mtunza bustani mwenye mpira, na wasiache kuwaita wale akina mama watatu wakae safu ya mbele.