Kutoka Kichwani Hata Gurudumuni: Habari za Baisikeli na Bonde la Msimbazi

Leo tumekusudia kuwaeleza habari za chombo ambacho kila mtu amekiona, lakini ni wachache wanaojiuliza kimetufanyia nini. Chombo hicho ni baisikeli. Hatutaifuata dunia nzima. Tutaifuata katika njia zishukazo kutoka vilima vya Pugu, zikiandamana na bonde la mto Msimbazi, hata sokoni Kariakoo mjini Dar es Salaam. Mtakaotusikiliza mpaka mwisho mtaona ya kuwa habari hizi kwa hakika ni habari za mzigo, na za kichwa cha mwanadamu.

Kwanza na tuutazame mto wenyewe. Msimbazi si mto mkubwa. Hutoka katika nchi ya vilima ya Pugu na Kisarawe, ukapita Kinyerezi, Vingunguti na Kigogo, ukatanda katika uwanda wa Jangwani ulio jirani na Kariakoo, kisha ukaingia baharini penye mikoko, karibu na daraja la Salenda lililojengwa mwaka 1929. Safari yake yote ni kama kilomita 35. Bonde lake halina magenge ya kutisha. Ardhi hushuka polepole kuelekea pwani, na penye maji ya kutosha watu hulima mchicha na mboga nyingine. Kwa miguu ya mchukuzi, nchi ya namna hii ni safari ndefu ya kuchosha. Kwa baisikeli, ni rafiki.

Sasa na tuulize: mizigo ya nchi hii ilichukuliwaje zamani? Ilichukuliwa kwa vichwa na mabega. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o, na kwa hiyo mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa mnyama wa kuchukua mizigo. Mpagazi wa misafara alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, naye alitembea siku nyingi kutoka bara hata pwani. Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliwapunguzia watu mzigo huo. Lakini ilipotokea Vita Kuu ya Kwanza, mzigo ulirudi kichwani.

Katika vita hivyo Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba mwaka 1916. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamekwisha jenga jengo kubwa upande wa magharibi wa mji, na mahali pale Waingereza wakapafanya kambi ya kikosi cha wachukuzi, walichokiita Carrier Corps. Ndimi za watu zililizungusha jina hilo hata likawa Kariakoo. Wachukuzi wale walibeba chakula na risasi kuwafuata askari hata mwisho wa vita mwaka 1918. Hukadiriwa ya kuwa waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikuwa karibu laki moja, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, kuhara na homa. Mwaka 1923 mahali pale pa wachukuzi pakawa soko. Basi kila atajaye jina la Kariakoo, ajue asijue, hutaja jina la watu waliobeba.

Wakati huohuo chombo cha kuchukua mahali pao kilikuwa kimekwisha tengenezwa mbali. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl Drais, aliunda chombo cha magurudumu mawili ya mti, kisicho na pedali. Mwendeshaji alijisukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu. Miaka ya 1860 Wafaransa walitia pedali katika gurudumu la mbele. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baisikeli yenye magurudumu yanayokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Na hiyo ndiyo sura tuijuayo hata leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, alitengeneza tairi ya mpira iliyojazwa upepo.

Hapa yatupasa tusimame kidogo. Tairi hizo ziliongeza tamaa ya mpira ulimwenguni, na mpira mwingi ulitoka katika misitu ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji tangu 1885 hata 1908. Watu wa huko walilazimishwa kuuleta mpira kwa kupigwa, kufungwa na kuuawa. Chombo kilichokuja kuwapumzisha Waafrika wengine kiliwaumiza wengine kwanza. Historia ya kweli haifichi upande mmoja wa jambo.

Hata hivyo, baisikeli ilipofika mikononi mwa mkulima na mchuuzi, iliyageuza mambo. Tazameni ilivyo hesabu yake. Mtu atokaye Kisarawe au Pugu kwenda Kariakoo hushuka. Naye hushuka akiwa na mzigo wake wote: magunia ya makaa, matenga ya nazi, mikungu ya ndizi, au kuku waliofungwa miguu. Jioni, auzapo vyote, hupanda vilima baisikeli ikiwa tupu. Mteremko humsaidia akiwa mzito, na mlima humpata akiwa mwepesi. Mzigo ambao ungehitaji vichwa vitatu au vinne hukaa juu ya gurudumu moja. Tena hangoji lori la mtu mwingine, wala hapangiwi saa ya kuondoka. Huondoka alfajiri, njia za mchanga zikiwa kimya na umande ungali majanini, naye huingia mjini kabla jua halijawa kali. Mpagazi wa zamani alikwenda kwa amri ya mkuu wa msafara. Mtu huyu huenda kwa shauri lake mwenyewe. Twaona ya kuwa hiyo ndiyo faida kubwa zaidi, kuliko hata wepesi wa mwendo.

Tena kuna jambo la lugha la kupendeza. Chuma kile cha nyuma, kinachofungiwa mzigo kwa kamba za mpira, chaitwa keria. Neno hilo limetoka katika neno lilelile la Kiingereza lililozaa jina la Kariakoo, yaani mchukuzi. Neno lililokuwa jina la mtu limekuwa jina la chuma. Ni badiliko dogo katika kamusi, lakini ni badiliko kubwa katika shingo ya mtu.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Kwa muda mrefu baisikeli ilikuwa mali ya wanaume. Mume alipanda, na mke alifuata kwa miguu na kuni kichwani. Mzigo uliondoka kwenye vichwa vya nusu ya watu tu. Nyumba yenye baisikeli moja na vichwa viwili yafaa ijiulize ni kichwa cha nani kinachobaki na mzigo.

Tena njia zenyewe si kimya kama zamani. Mji umepanda bonde hata vilimani. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 Msimbazi ulifurika, ukaua watu na kuwaondoa wengi katika makao yao, ukatukumbusha ya kuwa bonde la upole lina siku zake za hasira. Barabara kubwa zimejaa malori, mabasi na pikipiki, na mwenye baisikeli husukumwa pembeni, na pengine hupoteza maisha yake. Ndiyo maana Umoja wa Waendesha Baiskeli wa Dar es Salaam, ujulikanao kwa jina la UWABA, umekuwa ukidai njia za baisikeli zilizo salama. Wako wanaodhani ya kuwa dai hilo ni la watu wa michezo. Sivyo. Ni dai la yule aletaye nazi na makaa jikoni mwetu.

Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huona ni mwepesi. Dereva ampitaye mwenye baisikeli karibu mno, akimpigia honi ashuke barabarani, huuona mzigo wake kuwa ni usufi. Na ajue ya kuwa barabara ile iliingia mjini juu ya vichwa vya watu kabla haijapata gurudumu lolote, na ya kuwa soko aendalo limepewa jina la wachukuzi, wala si la wenye magari. Kumwachia mchukuzi wa leo nafasi ya mkono mmoja barabarani ni deni tunalodaiwa tangu zamani, na malipo yake ni madogo.