Fantomu: Mwili wa mfano unaopokea mionzi kabla ya mgonjwa

MGONJWA wa saratani kutoka Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, huifuata tiba ya mionzi mbali: Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tiba hiyo huweza kudumu wiki tano au zaidi, hivyo dozi haina budi kuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Mionzi inapopita mwilini haionekani wala haiumi. Ikipungua, uvimbe husalia. Ikizidi, huunguza viungo vya jirani vyenye afya, kama vile kibofu na utumbo. Kimataifa, dozi iliyofika inatakiwa isitofautiane na iliyoagizwa kwa zaidi ya asilimia 5.

Ili kulihakiki hilo bila kumhatarisha mtu, wataalamu wa fizikia ya tiba hutumia mwili wa mfano uitwao fantomu. Iliyo rahisi kuliko zote ni tangi la maji, kwa kuwa maji huipunguza mionzi karibu sawa na nyama ya mwili. Hata hivyo, tangi halina mapafu wala mifupa.

Ndiyo maana hubuniwa fantomu zenye umbo la binadamu. Mbunifu huanza na picha za CT, kisha huchagua malighafi kwa uzito wake na namna inavyonyonya mionzi: plastiki au nta kwa nyama, povu jepesi kwa mapafu, na mchanganyiko wenye kalsiamu kwa mifupa. Mwili huo hukatwa vipande kama mkate na kutobolewa matundu ya kuwekea vipima mionzi. Hulazwa kitandani, hupangiwa tiba na kupigwa mionzi kama mgonjwa. Kisha vipimo hulinganishwa na hesabu za kompyuta.

Ukaguzi wa nje nao upo. Tangu mwaka 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani huzipelekea hospitali vipima vidogo kwa posta, zivipige mionzi na kuvirejesha vikasomwe.

Fantomu ya kununua huwa na umbo moja, ilhali wagonjwa hutofautiana, na wengi hukonda kwa maradhi. Mashine za kuchapa maumbo ya plastiki kutokana na picha za CT zinawawezesha watafiti kutengeneza miili inayofanana na ya wagonjwa wanaowatibu.