Hita ya Kuzama: Jina na Nyaya Zake

Ingia duka la hadiwea pale Chebunyo, upande wa Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, uombe hita ya maji. Muuzaji atakuuliza: ya shawa, ya ndoo, au ya tangi? Ni vifaa vitatu vinavyofungwa stima kwa njia tatu tofauti, na jina moja limevibeba vyote. Ninachokitafutia jina ni hicho cha tatu: koili inayofungwa ndani ya tangi la maji moto la nyumbani na kukaa humo miaka.

Kuliita tangi hilo "boila" hakufai, hasa huku. Katika nchi ya majani chai, Kericho hadi Bomet, boila ni mtambo wa kiwandani unaolishwa magogo ya mikaratusi ili mvuke wake ukaushe chai. "Silinda" nayo humpeleka msikilizaji kwenye mtungi wa gesi. Kwa hiyo chombo nakiita tangi, nibaki na swali la kitenzi: koili hii hufanya nini majini?

Kuchovya ni kuingiza na kutoa, kama tonge kwenye mchuzi. Kutumbukiza kunafaa ile koili ya ndoo, ambayo mtu huitia majini asubuhi na kuitundika ukutani akishaoga. Wapo wasemao "hita ya kuzamisha", lakini kuzamisha kunadai kitu cha kuzamishwa, na hita hii haizamishi chochote. Kuzama ni kufunikwa na maji pande zote. Najua neno hilo linabeba msiba wa meli. Lakini nanga nayo huzama, na kazi yake iko huko huko chini. Nasema: hita ya kuzama.

Jina hilo linasema ukweli wa kifaa. Ndani ya bomba lake jembamba la chuma mna waya unaopata moto, umezungukwa na unga wa magnesia, unaopitisha joto lakini unazuia umeme. Joto hilo lazima lichukuliwe na maji. Hita ikiwashwa tangi likiwa tupu, joto linakosa pa kwenda, bomba linapasuka na waya unakatika. Ndiyo maana fundi hujaza tangi kwanza, akafungua bomba la maji moto mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa, kisha ndipo aguse swichi.

Sasa nyaya. Hita ya wati 3,000 kwenye volti 240 inavuta ampea 12.5. Plagi yetu ya kawaida mwisho wake ni ampea 13, na hita hii haivuti kwa dakika mbili kama birika: kupasha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 60 kunachukua takriban saa moja na dakika 45. Plagi iliyolegea kidogo huanza kuyeyuka. Hita ya kuzama inastahili laini yake yenyewe kutoka boksi ya fyuzi, waya wa milimita 2.5 za mraba, na swichi ya ampea 20 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Laivu hupitia kwanza kwenye thamostati, kijiti kinachopima joto na kukata stima maji yakifika nyuzi zilizowekwa. 60 zinatosha, na ni joto linaloua vijidudu vya tangini. Laivu ni ya kahawia, nyutro buluu. Katika nyumba za zamani ni nyekundu na nyeusi.

Waya wa tatu, wa kijani chenye mstari wa manjano, ndio ninaouhofia zaidi ukiachwa. Bomba la hita likipata ufa, stima huingia kwenye maji yale yale yanayomfikia mtoto anayeoga. Waya wa ardhi huipa stima njia nyingine, na fyuzi ikakata. Kabla ya kufunga kifuniko, fundi mwangalifu huweka mita kwenye ncha mbili za hita nzima: yapata omu 19. Kati ya ncha na chuma cha nje, mita haipaswi kuonyesha njia yoyote.

Ningepewa nafasi juu ya swichi ya hita hii, ningebandika maneno haya: HITA YA KUZAMA. MAJI KWANZA.