Mkimbizi Mwenye Raketi

Hapa kambini hakuna hata korti moja ya tenisi. Najua mtaniuliza: wewe unafundisha vijana mpira wa miguu, tenisi inakuhusu nini? Nijibu mapema. Nataka kuwaeleza habari ya binti mmoja mkimbizi na baba yake, kwa sababu mwaka jana nilimwona baba wa namna ile hapahapa, pembeni ya uwanja wetu wa vumbi. Na mimi mwenyewe nilichangia.

Binti anaitwa Jelena Dokić. Alizaliwa mwaka 1983 katika mji wa Osijek, Kroatia, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Yugoslavia. Vita vilipowaka mwaka 1991, familia ilikimbilia Serbia, kabila la baba yake. Huko waliishi kwenye kibanda. Mwaka 1994 wakahamia Sydney, Australia. Jelena alikuwa na miaka 11, Kiingereza hakijui, na shuleni watoto walimcheka. Kwa lugha yetu ya hapa tungesema: familia imepata nchi ya tatu, mambo yameisha. Kumbe yalikuwa ndo yanaanza.

Jelena alikuwa na kipaji, na baba yake, mzee Damir, alikiona mapema. Lakini tenisi si kama mpira wetu, ambapo vijana ishirini wanachezea mpira mmoja wa makaratasi. Tenisi inakula pesa: raketi, viatu, kocha, nauli za ndege, hoteli. Na uwanjani mtoto anasimama peke yake, hakuna mwenzake wa kugawana naye lawama. Kwa hiyo katika familia isiyo na kitu, baba anakuwa kocha, anakuwa meneja, anakuwa mshika pesa. Halafu mtoto akianza kushinda, mambo yanageuka: mtoto ndiye anayelisha nyumba, na baba anakuwa mfanyakazi wa mtoto. Baba wengi hawaliwezi jambo hilo. Wanabaki kuwa wakubwa kwa njia moja tu, ile ya ukali.

Mwaka 1999, Jelena akiwa na miaka 16, aliingia Wimbledon, Uingereza, kwa kupitia mechi za mchujo. Raundi ya kwanza akapangiwa Martina Hingis, namba moja wa dunia. Akamfunga 6-2, 6-0. Dunia nzima ilishangaa. Mwaka uliofuata akafika nusu fainali palepale, akafungwa na Lindsay Davenport. Nusu fainali ya Wimbledon kwa binti wa miaka 17! Mtu angesema nyumbani walichinja mbuzi.

Mwaka 2017 Jelena alitoa kitabu akaeleza usiku ule. Baba alikasirika kwa kushindwa, akamkataza asirudi hotelini. Binti alijificha palepale uwanjani, kwenye chumba cha wachezaji, akitaka kulala humo, mpaka wafanya usafi wakamkuta. Katika kitabu hicho anasema pia kwamba alikuwa anapigwa tangu utotoni, siku za mwanzo kabisa za tenisi, mara nyingi kwa mkanda, na kutukanwa matusi ambayo sitayaandika hapa.

Sasa jambo linaloniuma ni hili. Watu walikuwa wanamwona yule baba. Haikuwa siri. Mwaka 1999 alitolewa kwenye mashindano ya Birmingham kwa fujo. Mwaka 2000 alifanya fujo Wimbledon, halafu mwezi wa nane au wa tisa akatolewa mashindano ya wazi ya Marekani kwa kugombana na wahudumu juu ya bei ya samaki. Chama cha tenisi ya wanawake, WTA, kikamfungia miezi sita. Magazeti yalicheka. Alikuwa kichekesho cha msimu. Lakini mtu anayewafokea watu asiowajua mbele ya kamera, nyumbani mlango ukifungwa anamfanyaje mtoto wake? Swali hilo wachache walilishika.

Na WTA hawakuwa wageni wa mambo hayo. Mwaka 1993 walikuwa wamemfungia Jim Pierce, baba wa Mary Pierce, kwa tabia yake viwanjani. Mwaka 1995 waliweka sheria ya umri. Sheria hiyo imeunganishwa sana na habari ya Jennifer Capriati, Mmarekani, aliyeanza tenisi ya kulipwa mwaka 1990 kabla hajatimiza miaka 14, akiwa na mikataba ya mamilioni ya dola. Mwaka 1992 alichukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona kwa kumfunga Steffi Graf. Mwaka 1993 akaacha mashindano kwa uchovu, na mwaka 1994 akakamatwa na bangi. Mtoto alikuwa amechoka akiwa na miaka 17, umri ambao sisi hapa ndo kwanza tunatafuta kidato cha tatu. Tangu sheria ile, aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi mashindano ya kulipwa, na idadi inaongezwa kidogokidogo mpaka miaka 18.

Sheria ilisaidia. Lakini angalieni: sheria inahesabu mashindano, haihesabu mikanda. Jelena alicheza chini ya sheria hiyohiyo.

Nisiwaonee wazazi wote. Richard Williams, baba wa Venus na Serena, alikuwa na ndoto kubwa kuliko wengi, tena wametoka kufanya mazoezi Compton, mtaa wa magenge. Lakini mabinti wakiwa bado wadogo, wakiwa wanashinda, aliwatoa kwenye mashindano ya watoto akisema shule kwanza. Watu walimwona mjinga. Ndoto alikuwa nayo, lakini aliweza kusema ngoja.

Jelena alitoroka nyumbani mwaka 2002 akiwa na miaka 19, mwaka ambao pia alifika namba nne duniani. Mwaka 2009, alipoanza kusema hadharani, baba yake alijibu waandishi kwa maana hii: hakuna mtoto ambaye hajawahi kupigwa na wazazi wake.

Niliposoma maneno hayo kwenye simu niliiweka chini. Nilikuwa nimeyasikia hapa, kwa Kiswahili.

Mwaka jana tulikuwa na kijana wa miaka 13, mshambuliaji, mguu wa kushoto mtamu sana. Siku moja alifunga magoli matatu, na mimi kwa furaha nikamfuata baba yake nikamwambia: "Mzee, huyu mtoto ndiye atakutoa kambini." Nilisema hivyo kumsifu tu. Mzee alilichukua kama ahadi. Akaanza kuja kila mazoezi, kisha kumwamsha mtoto saa kumi usiku akimbie, kisha kupiga kelele pembeni. Tulipofungwa mechi kubwa na mtoto akakosa penalti, alimchapa njiani mbele ya wenzake. Sisi makocha tulitazama. Mmoja akasema, ni mtoto wake. Mimi sikusema kitu.

Baba yule si mnyama. Faili lake lina miaka mingi bila jibu, mgao unapungua, hana kazi ya kuruhusiwa. Tumaini lolote likipita karibu atalikamata kwa mikono miwili, hata kama tumaini hilo lina miaka 13 na uzito wa kilo arobaini.

Siku hizi kabla ya msimu nakaa na wazazi, nawaeleza habari hii ya Jelena mpaka mwisho. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaopiga picha za vipaji na kusema huyu atafika mbali, mpime neno hilo kabla ya kulisema mbele ya baba yake. Mimi sikulipima.

Nilienda kwa mzee nikamwomba msamaha kwa sentensi yangu ile. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Mwalimu, sasa mimi nisubiri nini?" Sikuwa na jibu. Tulikaa pale mpaka jua likazama. Wiki iliyofuata mtoto alirudi mazoezini, akaomba acheze beki.