Siku ya Mwisho ya Jedwali: Sudan Kusini na Hesabu za Viwango vya Kikapu

Wakati Sudan Kusini ilipoingia Kombe la Dunia la mpira wa kikapu la mwaka 2023, lililochezwa Ufilipino, Japani na Indonesia, ilikuwa katika nafasi ya 62 ya viwango vya ubora vya FIBA, yaani Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, na hakuna aliyeitarajia kuzitangulia Misri, Angola, Kodivaa na Cape Verde, wawakilishi wengine wa Afrika. Hata hivyo kanuni za mashindano hayo ziliweka zawadi kubwa mahali ambapo watazamaji wengi hawakuangalia: timu ya Afrika ambayo ingemaliza juu ya wenzake wa bara ingekwenda moja kwa moja kwenye Olimpiki ya Paris, hata kama ingekuwa imekwisha kutolewa katika mbio za ubingwa. Kwa sababu hiyo michezo ya kupanga nafasi kuanzia ya 17 hadi ya 32, ambayo kwa mataifa mengine ni ya kukamilisha ratiba tu, kwa Waafrika iligeuka kuwa fainali.

Kufikia tarehe 2 Septemba 2023 Sudan Kusini ilikuwa imefungwa na Puerto Rico 101-96 katika muda wa nyongeza, imeifunga China 89-69, imezidiwa na Serbia 115-83 na kuishinda Ufilipino, mwenyeji, 87-68. Hivyo ilikuwa na ushindi mara mbili, kushindwa mara mbili, na tofauti ya pointi, maana yake jumla ya pointi ilizofunga ukitoa ilizofungwa, ya mbili tu. Misri nayo ilikuwa imeshinda mara mbili na kushindwa mara mbili, na tofauti yake haikuwa mbali na hapo. Siku hiyo ya mwisho Misri ilianguka mbele ya New Zealand 88-86, nayo Sudan Kusini ikaibomoa Angola, bingwa wa Afrika mara 11, kwa 101-78. Nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na kujiunga na FIBA mwaka 2013 ilimaliza ya 17 duniani na kukata tiketi ya Paris.

Ni rahisi kusema kwamba mchezo wa Angola ndio uliobadilisha kila kitu, na magazeti mengi yalisema hivyo. Jedwali lenyewe halisemi hivyo, kwa kuwa ushindi wa kwanza na wa mwisho huhesabiwa sawasawa, na pointi 20 zilizopatikana dhidi ya China mapema ndizo zilizofidia sehemu kubwa ya zile 32 zilizopotea mbele ya Serbia. Upekee wa siku ya mwisho ni kwamba siku hiyo kila timu huwa inaijua hesabu ya mwenzake.

Hali ni tofauti kabisa pale ambapo nafasi hupangwa kwa kura. Katika kandanda ya Kimarekani ya vyuo vikuu, ambayo shirika la habari la Associated Press lilianza kuipangia viwango kwa kura za waandishi mwaka 1936, kushindwa kwa mwishoni mwa msimu huumiza kuliko kwa mwanzoni, kwa sababu mpiga kura hukumbuka alichokiona jana. Tarehe 1 Desemba 2007 Missouri, iliyokuwa ya kwanza, ilifungwa na Oklahoma 38-17, na West Virginia, iliyokuwa ya pili, ikafungwa nyumbani na Pittsburgh 13-9. Chuo cha LSU, ambacho kilikuwa kimeshindwa mara mbili msimu huo, kikapandishwa hadi mchezo wa ubingwa na kuifunga Ohio State 38-24. Mabishano ya namna hiyo, ambayo kwa haki hayana mwisho, yalichangia kuundwa kwa mfumo wa timu nne ulioanza msimu wa 2014, na wa timu 12 ulioanza 2024.

Viwango vya FIBA havipigiwi kura. Tangu mwaka 2017 hupatikana kwa kukokotoa matokeo ya miaka minane, kila mchezo ukipewa uzito kulingana na mashindano, mpinzani, tofauti ya pointi na mahali ulipochezwa, huku matokeo ya zamani yakipungua thamani kadiri muda unavyopita. Michezo ya kirafiki haimo. Ndiyo maana tarehe 20 Julai 2024 jijini London, Sudan Kusini ilipoongoza dhidi ya Marekani kwa 58-44 wakati wa mapumziko na kuja kushindwa 101-100 kwa kikapu cha LeBron James zikiwa zimebaki sekunde chache, dunia nzima ilishtuka, lakini viwango havikusogea hata kidogo.

Paris nayo ilionyesha upande mchungu wa hesabu hizo. Ikiwa ya 33 duniani, timu hiyo, chini ya kocha Royal Ivey na shirikisho lililoongozwa na Luol Deng, nyota wa zamani wa NBA, iliifunga Puerto Rico 90-79 baada ya waandaaji kupiga kwanza wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wa Sudan Kusini, kosa ambalo halina udhuru. Kisha ikafungwa na Marekani 103-86. Robo fainali ilikuwa na nafasi kwa timu mbili bora zilizoshika nafasi ya tatu katika makundi, na tarehe 2 Agosti Ugiriki, ambayo haikuwa na ushindi wowote, iliifunga Australia 77-71, nayo Brazil ikaishinda Japani 102-84. Matokeo hayo mawili, yaliyopatikana mbali na kundi la Sudan Kusini, yaliifanya ihitaji kuishinda Serbia au kushindwa kwa pointi moja au mbili tu. Ilishindwa 96-85 na kurudi nyumbani.

Nyumbani ni Juba, ambako kuanzia Hai Jalaba, mtaa wa zamani wa wafanyabiashara, hadi uwanja wa Nimra Talata, mpira huu huchezwa nje, juani na mvuani. Kwa kuwa timu hiyo ilifika Paris nchi ikiwa haina uwanja wa ndani unaokidhi masharti ya FIBA, ushindi wake 11 katika michezo 12 ya kufuzu Kombe la Dunia la 2023, ukiwemo ule wa 83-75 dhidi ya Senegali uliopatikana Alexandria, ulipatikana wote ugenini.